Taa ya Bendera ya Bi Orpha

Mtaa mzima ulijua Bi Orpha Lindqvist ameanguka kabla gari la wagonjwa halijafika, kwa sababu mimi ndiye niliyemwona na mimi ndiye niliyewapigia watu simu. Aliteleza kwenye barafu ya ngazi zake akienda kushusha bendera. Kwetu hapa Ohio bendera hailazwi gizani: ama unaishusha jua likizama, ama unaiwashia taa. Tangu mumewe afariki, miaka kumi na mmoja, Bi Orpha alikuwa akiishusha mwenyewe kila jioni.

Alivunjika kifundo cha mkono. Binti yake, Janelle, akaja kutoka mjini, akasema mezani nami nipo nakata pai, "Mama, nikisikia umekanyaga tena ngazi hizo jioni, nakupeleka nyumba ya wazee. Nafasi nimeshaulizia."

Bi Orpha aliendelea kupaka mkate siagi kwa mkono mmoja. "Basi hutasikia."

Nikajitolea kumshushia mimi. Jioni ya kwanza tu, ncha ya bendera ikagusa theluji, na bendera kugusa chini ni mwiko, naye yuko dirishani ananitazama. Hakunigombeza. Alinipa kahawa, akanishukuru, akaniambia mikono yangu niitunzie vichwa vya wateja. Kisa hicho nilikitangaza mwenyewe saluni kwangu, kabla hakijatangazwa na wengine.

Ndipo akaagiza taa. Fundi akaifunga juu ya kibaraza, na usiku ule bendera ikang'aa, na chumba cha kulala cha Emmett Kopecky ng'ambo ya barabara kikang'aa nacho. Asubuhi Emmett alivuka amevaa pajama zake.

"Orpha, chumba changu kimekuwa uwanja wa mpira."

"Funga pazia."

"Nimelifunga. Nahesabu hadi nyuzi zake."

Akaapa kwenda kushtaki kwenye baraza la mji, na kweli sheria ya kukataza taa za kummulika jirani ipo. Taa ikizimwa, Bi Orpha atarudi kwenye ngazi. Akirudi kwenye ngazi, Janelle atakuja na masanduku. Nilimwambia Bi Orpha aniachie Emmett nikamsemeshe, maana mimi na maneno hatujawahi kupishana. Akakataa. Alitoa kopo tupu la kahawa, akalibana magotini, akalikata kitako kwa mkono wake mzima, huku ule mwingine umening'inia shingoni. Alijikata kidole, akakifunga, akaendelea. Kisha akampigia Emmett simu kwamba saa kumi na moja jioni, giza la majira ya baridi likiingia, awe kitandani kwake.

"Nifanye nini kitandani saa kumi na moja?"

"Ulale na kusema unachokiona."

Tulihamishia taa chini, shinani mwa mlingoti, ikitazama juu, na kopo limevishwa juu yake kama kofia, mwanga usitoke pembeni. Nasema tulihamisha, lakini aliyepiga magoti kwenye theluji ni mimi. Yeye alikuwa ndani, simu sikioni, akinigongea kioo na kunipungia kila Emmett alipolalamika: kushoto, bado, rudisha kidogo. Magoti yangu yalishakufa ganzi Emmett alipoacha kulalamika, nikaingia ndani, simu iko kwenye spika.

"Unaona nini?" Bi Orpha akamuuliza.

"Bendera naiona," akasema. "Chumba kiko giza."

"Basi lala."

Jumapili Janelle alikuja jua likizama. Aliegesha gari kwenye kona, taa amezima, ili amfumanie mama yake ngazini. Nilimwona vizuri, kwa sababu nami nilikuwa nyuma ya pazia langu. Ngazi zikabaki tupu. Kupitia dirishani Bi Orpha alionekana ameketi mezani. Akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa bila kuinuka, na bendera ikawaka juu ya mlingoti.

Janelle akashuka na bahasha mkononi, akaingia kwa mama yake. Nikaona heri niingie na mkate wangu wa mahindi, nisije nikasimuliwa nusu. Janelle alikuwa ameweka mezani ile bahasha yenye karatasi za nyumba ya wazee. Bi Orpha akaivuta ile bahasha, akailaza katikati ya meza, akatua juu yake sufuria ya maharage yanayochemka.

"Chukua sahani, mwanangu," akasema. "Na Emmett mwite, anapenda maharage."