Majani ya Mwaloni wa Mzee Byarugaba

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, Klaudia alikusanya majani ya mwaloni kutoka kwenye migomba akaenda kuyatupa bondeni. Mti wenyewe ulipandwa na baba mkwe wake, mzee Byarugaba, kwa mbegu aliyopewa na mchungaji wa Kizungu, ukingoni mwa kibanja chao cha Kemondo, pale panapotazamana na ziwa. Upepo wa ziwa haukuuacha usimame wima. Ulikua mfupi na mnene, ukalipa ziwa mgongo, matawi yote yakakimbilia upande wa nchi kavu, juu ya migomba. Majani yake magumu yalimwagika humo, na mzee aliagiza yasiozee pale hata kidogo. Mti wa ugenini, alisema, utauharibu udongo walimozikwa babu zetu. Mzee alikufa, agizo likabaki.

Akishayatupa, Klaudia alipanda mbugani, rweya, kukata nyasi za kutandaza chini ya migomba hiyo hiyo. Jamani, mama huyu alichoka. Alichoka mgongo, akachoka magoti, mpaka kuitikia salamu kukawa kazi.

"Tata Projestus," alimwambia mumewe Rugaibula, baba wa mwanawe Projestus, "majani haya tuyaache. Sina mgongo tena."

"Baba alisema," Rugaibula alijibu, naye alikuwa amekaa.

 Klaudia aliegemeza reki ukutani, akaingia kulala mchana kweupe. Kesho yake akalala tena. Majani yakarundikana, na Rugaibula akanuna, akisubiri migomba ife apate la kusema.

Haikufa. Kiangazi kilipokaza na migomba ya majirani kuanza kulegea, ya chini ya mwaloni ilisimama imara na mikungu yake. Rugaibula aliinama, akafukua majani kwa mkono. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu, umejaa minyoo. Akaukodolea macho.

Klaudia, nyuma yake, hakufurahi. Aliziwaza asubuhi zote zile na mizigo yote ya nyasi.

"Mama Projestus," Rugaibula alisema hatimaye, "kumbe ni mbolea. Kesho ukayarudishe na yale ya bondeni."

Klaudia alikwenda ukutani, akaichukua reki, akamkabidhi mumewe mkononi.

"Utayarudisha wewe," alisema, akaingia ndani kulala.