Barua Iliyopitia kwa Mtendaji

Asubuhi ile nilikuwa shambani nang'oa mahindi yaliyogeuka njano. Mwezi wa kwanza ulikuwa unaisha, na yaliyokua sana yalinifika magotini. Mbolea hatukupata. Baba alipokwenda kwa wakala kule Kibakwe aliambiwa mifuko yake miwili ilishachukuliwa, mfumo unaonyesha. Alirudi na kamba ya kufungia mzigo, ameishika tu mkononi.

Mgambo alinikuta na matope mpaka kwenye viwiko. "Waite baba yako na dada yako. Ofisi ya kijiji, sasa hivi."

Dada yangu Priska anasoma chuo Dodoma mjini. Anajifunza kupima mifumo ya kompyuta, kutafuta mianya kabla wezi hawajaiona. Mwalimu wao, Cornel, aliwapa kazi ya likizo: kila mtu akague mfumo mmoja unaotumiwa na watu wa kwao, asichukue kitu, aandike alichokiona na awape taarifa wenye mfumo. Priska akachagua mfumo wa mbolea. Hata saa nzima haikuisha. Alifungua ukurasa wa baba kwa namba ya mkulima, hakuulizwa nywila. Akabadilisha tarakimu ya mwisho, ukafunguka wa jirani. Yeyote mwenye simu angeweza kubonyeza "amepokea" kwa niaba ya kijiji kizima.

Na kuna mtu alibonyeza. Namba yake ya simu ilikuwa chini ya ukurasa wa baba, na chini ya ule wa jirani. Ni namba iliyoandikwa kwa rangi ya bluu mlangoni mwa ofisi ya kijiji.

"Baba, hii ni ya mtendaji," Priska alisema. "Natuma wilayani moja kwa moja, kwa email."

Baba alikuwa anakula. Akarudisha tonge sahanini. "Barua inapita kwa mtendaji, inagongwa muhuri, ndiyo inakwenda. Na kama ni yeye, aione kwanza, ajitetee. Mtu hasemwi mgongoni."

"Ataizuia."

"Ni mtu mzima, ana watoto. Ataona aibu."

Basi Priska akaandika juu kabisa: Kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji. Baba mwenyewe ndiye aliyeipeleka, Alhamisi, amevaa shati la kanisani.

Ofisini tulimkuta mtendaji, Optatus, na askari wawili kutoka wilayani. Barua ilikuwa mezani. Haikuwa na muhuri.

"Shikamooni," Priska alisema.

"Marahaba. Ndiye huyu?" Askari mnene alimtazama miguu. "Mdukuzi mwenyewe wa kandambili."

Mwenzake akacheka.

"Soma hapa," Optatus alisema, kidole kwenye mstari. "Kwa sauti, baba yako asikie."

Priska akasoma. "Nilifungua ukurasa wa mkulima mwingine."

"Nani alikuruhusu?"

"Mlango haupo, mzee. Ndicho nilichoandika."

"Nyumba isiyo na mlango wewe unaingia tu? Ndicho tunachowasomeshea hicho?"

Baba akakohoa. "Mtendaji, naomba wasome na karatasi ya pili. Ile yenye namba ya simu."

"Karatasi ya pili ipi, mzee Bartolomayo?"

Baba akaichukua barua, akaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe. Kwenye kona yalibaki matundu mawili ya pini. Akairudisha mezani taratibu, akainyoosha kwa kiganja, kama ni yeye aliyeikunja.

"Mbolea imepotea," askari mnene alisema, "na binti amekiri kwa mwandiko wake kwamba ameingia kwenye mfumo wa serikali. Mzee, ungekuwa wewe ungemkamata nani?"

Optatus alikuwa anatafuta kitu kwenye droo.

"Chuo kikileta barua kwamba kilimtuma, tutaongea," askari aliendelea. " Mwisho Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo ni mahakamani."

Walichukua kompyuta yake na simu yake. Kabla hajapanda gari, Priska aliniandikia namba ya mwalimu Cornel mkononi, mahali pasipokuwa na matope.

"Mwambie aseme tu ni kazi aliyotupa," aliniambia. "Basi. Hakuna kingine."

Mimi hata darasani sinyooshi mkono. Nilikaa nyuma ya zizi na simu ya mama, nikafungua WhatsApp, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaacha hivi:

*Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni Erica, mdogo wake Priska wa mwaka wa pili. Amekamatwa kwa ajili ya ile kazi ya likizo. Wanataka barua yako kabla ya Jumatatu asubuhi, useme wewe ndiye uliyewapa. Tafadhali mwalimu.*

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana. Tiki mbili zikawa za bluu. Juu pakatokea "anaandika". Nikasimama. Pakaacha. Pakatokea tena, pakaacha. Halafu picha yake, aliyopiga na wanafunzi wake siku ya mahafali, ikaondoka, pakabaki duara la kijivu.

Nikaandika: *Mwalimu?*

Ikakaa na tiki moja, haikumfikia. Jumapili tuliporudi kanisani ilikuwa bado moja.