Mfumaji wa Jumamosi

Fundi cherehani alipoletewa na mumewe tiketi ya kutembezwa kwenye mahandaki ya mji mkongwe, machale yalimcheza. Tangu astaafu udereva, mzee huyo hakuwa mtu wa kununua hata karanga bila kunung'unika. Miezi hii kila Jumamosi alikuwa akimhimiza mkewe aende kwa dada yake, na sasa dada amesafiri, ameona amtafutie pengine.

"Ukanyooshe miguu, mama watoto. Kutwa umeinamia cherehani."

"Wewe huji?"

"Mgongo huu na ngazi zile, wapi na wapi."

Akaenda, roho ikiwa nyumbani.

Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya chokaa mbichi. Mwongozaji, mama mmoja mwenye sauti ya kunadi mitumba, alitangulia na tochi. Fundi alijikwaa mara kwa mara hadi akaona bora ashike begi la mgeni aliyekuwa mbele yake. Alilaumu tochi, ingawa wenzake walipita bila taabu.

Walipofika chini ya tundu la hewa, mwongozaji akasimama.

"Sikilizeni. Huyo ni mfumaji aliyefungiwa humu enzi za vita. Siku za kazi hufuma peke yake. Jumamosi huja na mwenzake, wakapiga soga."

Wageni wakacheka. Yeye alikaza masikio. Mlio uliotoka tunduni ulikuwa wa cherehani yake, na ule mkwamo wake wa kila mzunguko. Kisha akasikia kicheko cha mwanamke, na sauti ya mumewe ikijibu.

"Juu hapa pana nini?" aliuliza.

"Nyumba za watu tu, mtaa wa nyuma ya soko."

Mtaa wake. Ziara iliyobaki hakusikia neno. Alipotoka alikwenda moja kwa moja nyumbani, akasukuma mlango bila kubisha.

Kwenye kiti chake alikuwa amekaa fundi wa mtaa wa pili, yule aliyegombania naye wateja miaka nenda rudi. Mumewe alikuwa ameshika pasi.

"Kumbe ni huyu," mke alisema. "Ungetafuta hata wa mbali."

"Sivyo unavyodhani."

"Wote husema hivyo."

Mumewe akaweka pasi pembeni. Yule fundi mwenzake ndiye aliyeeleza.

"Dada, mishono yako inakwenda upogo tangu mwaka jana. Wateja walikuwa wakimrudishia mumeo nguo mlangoni. Akaja kuniomba. Nafumua, nashona upya."

"Muongo wewe."

Alilinyakua gauni lililokuwa mezani, akalipeleka dirishani. Mshono hakuuona. Akapitisha kidole: upande mmoja ulinyooka, ule aliouacha jana ulipinda kama njia ya mbuzi. Akakaa juu ya furushi la vitambaa.

"Na wewe unapata nini?" alimuuliza mwenzake.

"Chai. Na vichekesho vya mumeo, ambavyo ni vibovu."

Akamgeukia mumewe. "Ungeniambia."

"Ningeanzaje? Ungesema nakuzeesha."

Hilo ni kweli, angesema. Jumatatu mzee alimshika mkono hadi kwa daktari wa macho. Jumamosi iliyofuata mkewe hakukubali kutoka. Alikaa hapo hapo chumbani akipanga vifungo, mumewe akipiga pasi, mwenzake akishona. Na kila walipocheka, aliacha vifungo kwanza, akasikiliza wanacheka nini.