Dakika Nne za Kupanda Ashrafiya

Mama Muhannad aliishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto. Sauti ilipomwambia aende moja kwa moja mita themanini, aliijibu, "Haya, mwanangu, Mungu akuhifadhi." Kisha hakwenda popote. Alinigeukia mimi. "Mita themanini ndiyo mpaka wapi?"

Nilifyata ulimi. Kazi yangu ndiyo hiyo. Huwafuata watu hatua mbili nyuma, fomu mkononi, nikiandika kila wanapokwama wakiitumia programu yetu ya ramani, na sheria ya kwanza ni kutomsaidia mtu kwa neno wala kwa kidole. Ofisini nilisifiwa kwa kuishika sheria hiyo. Niliipenda pia kwa sababu ambayo sijivunii: programu hiyo niliisanifu mimi, na kila aliyepotea nayo nilimwona mzembe.

Muuza mikate ya ufuta karibu na msikiti alinikagua juu mpaka chini. "Hajja, huyu binti yako bubu?"

"Bubu wa mshahara. Hebu niambie wewe, mita themanini ni mpaka wapi?"

"Nani anapima mita hapa? Nenda mpaka kwa Abu Ghazi, muuza ndege, kisha kushoto."

Nikaandika: ameomba msaada, mara ya kwanza.

Asubuhi ile, kabla hatujaanza, alikuwa amenieleza kwa nini alijitolea kwa jaribio letu. Mumewe alimpeleka kwa gari kwa dada yake, Wisal, juu ya kilima cha Ashrafiya, kila Jumanne kwa miaka thelathini na mmoja, na mumewe alifariki majira ya baridi yaliyopita. "Mimi nilikuwa namenya machungwa tu," alisema. "Njia alikuwa nayo yeye." Sasa mwanawe, Muhannad, alitaka kuifunga nyumba ya mama yake na kumhamishia kwake, mji wa Zarqa. Hoja yake ilikuwa moja: asiyeweza kwenda mwenyewe kwa dada yake hawezi kuachwa aishi peke yake. Mama na mwana wakawekeana ahadi. Akifika leo, anabaki na nyumba yake. Akishindwa, Ijumaa lori linakuja kubeba vitu.

Mbele ya duka la mitungi ya gesi aliuliza tena. Kwetu mtu akiulizwa njia ni aibu kusema hajui, ni kama kumnyima mpita njia maji. Mwenye duka alinyoosha mkono kwa uhakika wa waziri. "Shuka, halafu kulia, Hajja. Huwezi kupotea."

Tukashuka. Simu ikasema, "Geuka nyuma." Tukaendelea. "Geuka nyuma." Mama Muhannad alisimama, akaitazama simu, kisha akamtazama yule bwana ambaye bado alikuwa akitupungia mkono.

"Huyu wa simu hamwonei mtu haya," alisema taratibu. "Ananiambia nimekosea, usoni kabisa. Basi huyu atanifaa."

Akageuza. Alimpita mwenye mitungi kwa salamu ya heshima zote, na mwenye mitungi akajifanya anakaza bomba.

Ngazi zilipoanza, kioo cha simu kilionyesha dakika nne hadi kwa Wisal. Dakika hizo nilizijua. Nilizitoa mimi, mezani, kwenye ramani ambayo haijui mlima. Zilipokwisha tulikuwa hatujafika nusu, na Mama Muhannad alikuwa ameketi kwenye kipandio, mkono gotini, midomo imepauka. La kusema nilikuwa nalo: tushuke, tutafute teksi, basi. Nikafungua mdomo.

"Usithubutu," alisema. "Ukitamka neno, Muhannad kashinda."

Nikaufunga. Nimenyamaza mara nyingi kwa ajili ya kazi. Pale nilinyamaza kwa ajili yake, na kuliniuma, kwa kuwa maumivu ya lile goti yalitoka mezani kwangu.

Juu yetu mwanamke mmoja alikuwa akianika mashuka dirishani.

"Mwenzangu!" Mama Muhannad alimpigia ukelele. "Kwa Wisal mshonaji hakuna njia ya watu wenye magoti?"

"Ipo! Pita nyuma ya tanuri la mikate, kuna kichochoro kinapanda polepole. Utazunguka, lakini utafika na roho yako. Hizo ngazi waachie mbuzi!"

Alipumzika mpaka pumzi ikarudi, kisha akakishika kichochoro. "Geuka nyuma," simu ikasema.

"Hapa hujui, mwanangu. Hujawahi kuzeeka."

Akaitia mkobani. Ililalamika humo baina ya funguo na leso, mara mbili, mara tatu, kisha ikanyamaza. Tulikuwa tumelipita tanuri iliposema, "Endelea mbele." Mama Muhannad alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Umemsikia? Kakubali!"

Wisal alifungua mlango na utepe wa kupimia shingoni. Alichungulia nyuma ya dada yake kumtafuta aliyemleta, akaniona mimi na fomu yangu. Kabla hajauliza, simu ililia mkobani. Sauti ya Muhannad tuliisikia sote.

"Mama, uko wapi?"

"Kwa mama yako mdogo."

"Nani kakupeleka?"

"Nimekuja."

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja, Muhannad. Mwambie mwenye lori apumzike Ijumaa yake."

Mama Muhannad alikata simu, akaishika kifuani. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyemkabidhi mwalimu karatasi.

"Haya, sema. Nimefaulu?"

"Aliyekuwa akipimwa si wewe, mama," nikasema.

Wisal akaruka. "Kumbe anasema!"

Walinilazimisha kunywa kahawa, nikanywa. Kisha nikaaga, nikateremka kwa ngazi zile zile mpaka chini kabisa. Nikafuta zile dakika nne, nikaanzisha saa upya, nikaanza kupanda kwa mwendo wa mwanamke wa miaka sitini na minane. Nilipofika kwenye kipandio chake nikaketi, na saa nikaiacha iendelee.