Rafu Iliyomuuliza Mama Yake

Usiku wa kuamkia leo niliota nimetumwa kitabu. Mjukuu wangu Mwantumu kapata kazi ya majaribio, na kompyuta za huko zinaamriwa kwa lugha kongwe iitwayo Smalltalk. Kazunguka maduka ya vitabu Tanga nzima, hakuna hata muuzaji aliyewahi kuisikia. Wiki hii chakula hakimpiti. Anasema Jumatatu atairudisha kazi ya watu.

Basi niko maktaba, nimejifunga kanga yangu ya mikorosho, mkononi nina mwiko. Nanyoosha mkono rafuni.

"We bibi!" rafu inasema. "Kwenu mnaingia chumbani kwa mtu bila hodi?"

Nikaona haya. Nikarudi nyuma hatua tatu. "Hodi."

"Karibu. Humu hakuna kuchomoa. Kila kitu kina tumbo lake, na tumbo la mwenzio hulifungui. Unaomba, mwenyewe anatoa."

"Naomba kitabu cha Smalltalk."

Vitabu vya lugha zinazojulikana, vinene, vimejipanga mbele kama wageni wa heshima, vikacheka. "Tuchukue sisi, bibi! Huyo hana hata mposaji."

Rafu ikafikiri. "Sielewi. Ngoja nimuulize mama."

Mama yake ni kabati. Hapo maktaba imekuwa jiko langu, na kabati limekaa juu ya mbuzi linakuna nazi, taratibu, halipotezi hata chicha.

"Sielewi," likasema. "Twende kwa mama."

Mama yake kabati ni gogo la mninga. Nalo halielewi. Tukapanda wote, rafu, kabati, gogo na mimi, mpaka kwa mama wa wote, jina lake Kitu. Hana sura wala rangi. Amekaa mkekani anachambua mchele.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Wajukuu zako wakishindwa jambo, wanamuuliza nani?"

"Mama yao. Naye akishindwa analileta kwangu."

"Na wewe ukishindwa?"

Mimi niliishia darasa la nne. Nikainama, nikaokota chuya mbili katika ungo wake, nikazitupa.

"Nasema sijui. Halafu navaa ndala, nakwenda kuuliza kwingine."

"Wengi wakifika hapo hudanganya," akasema Kitu. "Kitabu nitakipeleka. Nimwandikie nani?"

Nikamnong'oneza jina nililompa Mwantumu alipozaliwa, siku tatu analia na sisi tunalia naye. Tulilijua wawili tu, mimi na marehemu babu yake.

Nikaamka. Maji ya chai hayajachemka, Mwantumu huyo na simu.

"Bibi! Kuna mzee mmoja ng'ambo, nilimwomba kitabu tangu Jumanne, kimya. Leo kanitumia kizima, bure!"

"Alhamdulillahi."

"Nimeshasoma kurasa kumi, naelewa. Ila huyu mzee kakosea mtu. Hebu tazama hapa juu."

Nikavaa miwani, nikasoma herufi moja moja. *Kwa Kitunguu, mjukuu wa bibi mwenye mwiko.*

"Kitunguu ndiye nani, bibi?"