Shimo la Warumi Uani Kwetu

Nilitoka uani kuanua nguo nikakuta shimo.

La duara, kina chake mpaka gotini, limefunikwa nusu kwa bamba la jiwe lililobaki tulipojenga ngazi. Binti yangu Wiam amechuchumaa pembeni, simu mkononi.

"Nini hiki?"

"Kazi ya chuo, Mama. Asili ya Warumi."

"Warumi wamekuja kuchimba hapa Ibra, Oman?"

Akacheka. Inasimuliwa, alisema, kwamba Warumi wa mwanzo hawakuwa kabila moja. Walikuwa watu wa kuja: wachungaji, waliokimbia kwao, waliofukuzwa. Walipoanzisha mji walichimba shimo, kila mmoja akatia udongo wa alikotoka.

"Kama sisi tuliotoka Unguja," alisema. "Halafu wakalifunika kwa jiwe. Siku tatu tu kwa mwaka wanafunua, na siku hizo, walikuwa wanaamini, wafu wanapanda juu. Tarehe tano Oktoba ni moja. Ndiyo leo! Nimeliacha wazi tangu asubuhi, nimepiga video, sasa nafunika."

"Umetia udongo gani?"

"Wa hapa uani. Wa shamba la Babu, kule Samad. Na ule wa Unguja, kwenye kopo la Bibi."

"Wote?"

"Ulikuwa kidogo tu, Mama."

Udongo ule mama mkwe wangu, Bi Turkiya, aliuchota kwenye kaburi la mwanawe wa kwanza, Badar, aliyefariki na miaka mitatu, wiki moja kabla hawajaondoka Unguja. Miaka sitini na zaidi kopo liko chini ya kitanda chake. Aliniusia mimi, hakumwusia mwanawe, mume wangu: siku akifa, udongo ule uwekwe naye kaburini. Nilimwapia.

"Bibi yuko wapi?"

"Amelala tangu chakula cha mchana."

"Ataamka kwa adhana ya alasiri. Lete chekeche na upawa. Yallah!"

Tuliliondoa jiwe. Udongo mwekundu wa Unguja ulikuwa juu kabisa, haujachanganyika na mwingine. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikauona unyayo.

Mdogo. Vidole vitano, vimezama sana, kama vya mtu anayejisukuma apande.

"Si mimi, Mama."

"Naona. Wewe mguu wako kama boti."

Nyumbani kwetu hamna mtoto. Niliuchota unyayo ule kwanza, nisiuangalie tena. Udongo ulikuwa umelowa, unanuka mvua, na Ibra hatujaona tone miezi sasa. Nikajaza kopo. Shimo tukalifukia lote, nikalishindilia kwa miguu yangu, nikaweka jiwe juu. Khalas, kwisha.

Nilinyata na kopo hadi chumbani. Bi Turkiya alikuwa macho, amekaa ukingoni mwa kitanda, anapigapiga khanga yake taratibu, pale alipoitandaza juu ya godoro.

"Polepole, mwanangu. Ndiyo kwanza amelala."

"Nani, Mama?"

"Amekuja na matope miguuni. Nimemwambia nitamwosha akiamka."

Nikaangalia sakafu. Alama nyekundu, ndogo, zilitoka mlangoni hadi kitandani. Za kurudi hazikuwapo.

Nilimnyooshea kopo.

"Udongo wako, Mama. Wiam aliuchukua bila kujua. Tusamehe."

Hakulipokea. "Wa nini tena? Lile shimo mmelifunga?"

"Tumelifukia kabisa."

"Vizuri," alisema, akaivuta khanga juu kidogo, kama anamfunika mtu bega. "Basi hana pa kurudia."

Chini ya khanga kitu kikajigeuza.

Wiam alikuwa nyuma yangu, ameng'ang'ania mkono wa gauni langu la dishdasha. "Mama," alininong'oneza, "Warumi hawakusema inakuwaje ukilifukia."

Nikamwambia anyamaze, asimwamshe mtoto.