Sauti ya Mama Iliyopasuka

Watu wa bondeni husema sisi tulioshuka kutoka milima ya juu ya Munisagara tuna makelele. Waseme. Kule juu jirani alikuwa ng'ambo ya korongo, na ukimtaka ulisimama ukingoni ukaliburuta jina lake mpaka limfikie. Sauti ya chini ilikuwa na kazi moja tu, kupeleka habari ya msiba. Mtu akija mlangoni kwako akinong'ona, ulijua kuna aliyekufa kabla hajamaliza kusema. Mama yetu, Odilia, alikua hivyo na kuzeeka hivyo. Hata tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja, aliendelea kumsalimu jirani wa ukuta kwa ukuta kana kwamba yuko Zombo, milima ya mbali.

Kaka yangu Hezekia alikuwa Bulgaria, serikali ilimpeleka kusomea kilimo. Mwaka wa tatu aliniandikia kwamba sura ya mama anaikumbuka, ila sauti imeanza kumpotea. Akaniomba nitafute njia ya kuirekodi. Nililia, sisemi uongo. Salamu za mama nilikuwa namwandikia kila mara, kwa hiyo alichokosa hakikuwa maneno.

Kasian alikuwa rafiki wa Hezekia, walisoma pamoja. Wakati ule alikuwa mtu wa habari pale Kilosa, akizunguka vijijini na tepu rekoda kunasa ngoma na hotuba. Akaja kwa treni, mashine imo ndani ya sanduku. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba iliyosikika stesheni.

Alituonyesha sindano ndogo usoni mwa mashine. Ikicheza upande wa kushoto, sauti inaingia vizuri. Ikilala kwenye rangi nyekundu, sauti imezidi, na kilichozidi mashine inakikata. Kwa hiyo mama aongee tu kama anavyoongea na mtu aliyekaa naye jikoni. Mama akauliza huko Bulgaria ni mbali kiasi gani. Kasian, maskini, akamwambia ukweli, kwamba hata kwa ndege mtu hushinda angani. Hapo ndipo alipoharibu. Mama akakaza khanga, akasimama, akamwita Hezekia.

Hata kuku walikimbia. Sindano ikalala kwenye nyekundu, isiinuke. Kasian akapunguza kitufe, haikusaidia. Akasogeza maiki mbali, mama akaifuata. Akaitundika dirishani, mama akaichomoa, akaibana mdomoni, maana aliona mtoto anazidi kwenda mbali. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwaka ule sikumbuki kama nilicheka tena.

Kasian aliposikiliza kwa spika za masikioni, uso ukamshuka. Akaeleza kwa adabu kwamba sauti imepasuka yote, tuanze upya, safari hii mama ashushe kidogo. Mama akatia ngumu.

"Mwanangu yuko peke yake ugenini," alisema, "nawe unataka nimnong'oneze? Atadhani namletea msiba."

Nikamsihi. Wapi! Alishika lake. Kasian akakubali yaishe, akaahidi kurudi masika yakipita, pengine mama atakuwa amelegea.

Masika yale yalikuwa mabaya. Mto Mkondoa ulifurika, reli ikabebwa, na mama akashikwa na homa ya mapafu. Hospitali ikawa kule, sisi huku, maji katikati. Alifariki kabla treni hazijaanza tena kupita. Walionisaidia kumzika ni majirani wale wale aliokuwa akiwapigia kelele, na baada yake kijiji kikawa kimya. Niliuchukia ukimya ule.

Kasian alipopata habari aliuchukua utepe wetu, ule mmoja tu, akahangaika nao. Kilosa alishindwa, akaupeleka Dar es Salaam kwa mafundi wenye mashine kubwa. Wakapunguza ukali, wakachuja mkwaruzo, wakapata mkwaruzo mdogo zaidi. Akaja kuniambia ana kwa ana. Alisema kilichokatwa siku ya kurekodi hakikufichwa mahali mtu akifukue, hakimo kabisa. Kimepona kipande kidogo tu, mwishoni. Nikamwambia akae nacho hicho kipande chake, na fundi gani yeye anayeshindwa na mwanamke mzee mmoja. Uchungu ulikuwa wangu, lakini aliubeba yeye.

Hezekia alirudi mwaka uliofuata. Nilimwonya kwamba utepe umeharibika, akasema atausikiliza hivyo hivyo. Kasian akaja na mashine, akaiweka mezani mlango ukiwa wazi. Kilichotoka kilikuwa kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Hakuna neno hata moja. Kaka yangu ameinama, sikio karibu na spika, anamtafuta mama humo ndani, na mimi natamani izimwe.

Halafu bati likakoma. Siku ile mama alikuwa ameshusha maiki akidhani kazi imekwisha, na Kasian alikuwa hajazima. Alinigeukia mimi, akauliza kwa sauti yake ya uchovu, ya chini, safi mpaka pumzi zake zilisikika.

"Amesikia?"

Kisha ikaja sauti yangu, bado nikichekacheka. "Amesikia, mama."

Utepe ukaisha. Hezekia alibaki ameinama. Ile sauti ya chini mama aliikataa siku ile, na sasa ilikuwa imemfikia mwanawe na habari yake ya msiba. Hezekia akamwomba Kasian arudishe pale mwishoni.

Mama akauliza tena. Safari hii kaka yangu hakuningoja mimi wa kwenye utepe. Alisimama, akatoka mlangoni, akaelekea milima tulikokuwa tukiishi, akaiburuta sauti kama tulivyolelewa.

"Nimesikia, mamaaa!"

Majirani wakatoka nje kutazama. Katika yote aliyoitwa na mama siku ile, hakuwa amesikia hata neno moja. Mimi na Kasian tulikaa pale mezani, wala hakuna aliyemsahihisha.